Maumivu Sugu ya Kiuno: Kujinyoosha Ndani ya Maji

Mtaalamu wa fiziotherapia anajibu maswali ya wasomaji

Swali: Daktari, nimeumwa kiuno miaka miwili. Nikiinama kufua, kuinuka ni kazi. Nimeambiwa nikajinyooshe majini. Maji yana nini ambacho mkeka hauna?

Jibu: Pole, mama. Maji yanakubeba. Ukisimama yakakufika kitovuni, miguu hubaki na karibu nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, kama theluthi tu. Yakiwa ya uvuguvugu, nyuzi 33 hadi 35, hulegeza misuli. Kwangu mimi faida kubwa ni kuondoa woga. Anayeumwa muda mrefu hujizuia kuinama, misuli inakakamaa, na huko kukakamaa kunazaa maumivu mengine. Nimewaona waliokataa kabisa kuinua goti ukumbini wakiliinua bwawani siku ya kwanza.

Swali: Naanzaje?

Jibu: Simama maji yakiwa kifuani, mgongo ukiegemea ukuta wa bwawa. Kumbatia goti moja kuelekea kifuani, hesabu polepole hadi 20, kisha badili mguu. Halafu geukia ukuta, shika ukingo, nyoosha mikono na usogeze makalio nyuma mpaka kiuno kivutike. Fanya taratibu, kwani ukiongeza kasi maji nayo yanakupinga zaidi. Kuhisi misuli inavutika ni sawa. Maumivu yakishuka mguuni, acha hapo hapo.

Swali: Kwetu hakuna bwawa. Baharini je?

Jibu: Panafaa, pwani yetu ina maji ya joto. Tafuta mahali palipotulia, waulize wavuvi kuhusu mkondo, na usiende peke yako.

Swali: Nani asiingie?

Jibu: Mwenye homa, kidonda kibichi, kifafa au ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa. Na ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kukojoa au kuzuia haja, au mguu ukalegea, usifikirie maji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Swali: Nitapona kabisa?

Jibu: Siwezi kukuahidi hilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Lakini maji peke yake hayatoshi: goti ulilozoea kulikumbatia bwawani, likumbatie na kitandani kila asubuhi. Jipe wiki 8, mara mbili au tatu kwa wiki, ndipo uamue kama yamekusaidia.