Somo la Kiingereza: "Appreciate" si asante peke yake



Mwaka wangu wa kwanza hapa Marekani niliomba kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja. Baada ya wiki mbili ikaja barua. Kiingereza changu kilikuwa kile cha kambini, lakini mstari wa kwanza niliuelewa: "We appreciate your interest in this position." Nilijua kwamba "appreciate" ni kushukuru. Nikasema moyoni, mtu hashukuriwi halafu akakataliwa. Mama akanifungia chakula, na Jumatatu alfajiri nikapanda basi. Pale mapokezi dada mmoja aliisoma barua, akaniangalia kwa huruma, akaweka kidole kwenye mstari wa pili, ule ulioanza na neno "however". Nilirudi nyumbani na chakula changu.

Leo mimi ni keswoka, na bado naona familia zikijikwaa palepale nilipojikwaa mimi. Basi tulichambue neno hili, pamoja na ndugu zake watatu.

"Appreciate" hufanya kazi tatu

Kazi ya kwanza ni kushukuru. "I appreciate your help" maana yake nashukuru kwa msaada wako. Baada yake taja jambo unaloshukuru: "your help", "your time", "your patience". Kwa Kiswahili tunasema "ninashukuru", kwa hiyo wengi wetu husema "I am appreciating". Sema tu "I appreciate". Na mfanyakazi mwenzako akikuambia "I appreciate you", usishtuke, wala mume au mke wako asikasirike. Anasema asante kwa moyo wote, hatongozi mtu.

Kazi ya pili ni kuelewa. Utalisikia kwenye simu na maofisini: "I appreciate that you are worried, but we cannot change the date." Hapo hakuna asante, wala hajakubali ombi lako. Anasema: naelewa una wasiwasi, lakini tarehe hatuwezi kuibadilisha. Kwa hiyo ukisikia "appreciate", usifurahi haraka. Subiri kama litakuja "but" au "however". Mara nyingi jibu lenyewe liko nyuma ya neno hilo.

Kazi ya tatu ni kuomba, na mara nyingine ni kuamuru kwa upole. Mwenye nyumba akiandika "We would appreciate payment by Friday", hajakushukuru kwa kodi uliyokwisha kulipa. Anataka kodi ifike kabla Ijumaa haijapita. Alama yake ni "would". Ukiona "would appreciate", jiulize: wananitaka nifanye nini, na mwisho lini?

Wewe pia unaweza kuitumia: "I would appreciate it if you could speak slowly." Ni ombi lenye adabu. Lakini pale unapodai haki yako, sema wazi zaidi. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo. Hapo sema: "I need a Swahili interpreter, please." Neno "need" linaeleweka mara moja, na "please" inatosha kuonyesha heshima.

Ndugu zake watatu

"Admire" ni kuvutiwa na sifa njema za mtu au uzuri wa kitu. "I admire my mother. She raised six children in the camp." Wengi wetu hulitumia kwa maana ya kutamani. Ukimwambia mtu "I admire your car", atasikia unalisifu gari lake, basi. Kama unatamani kuwa nalo, sema "I wish I had a car like yours."

"Value" ni kuthamini. Barua za shule hupenda kusema "We value your input", yaani maoni yako ni muhimu kwetu. Wengi tumelelewa kwamba mzazi hukaa kimya mbele ya mwalimu kwa heshima. Hapa ukinyamaza wanaweza kudhani huna la kusema. Nenda na swali moja mkononi: "How is my child doing in reading?"

"Look up to" haina uhusiano na kutazama dari. Ni kumheshimu mtu na kutaka kuwa kama yeye: "My son looks up to his uncle." Lakini ukiondoa "to", maana hubadilika. "Look up a word" ni kutafuta neno kwenye kamusi.

Zoezi la nyumbani

Fanyeni pamoja, wazazi na watoto. Kila sentensi inashukuru, inaelewa au inaomba?

1. "I appreciate your hard work this week."
2. "We would appreciate it if you kept the hallway clear."
3. "I appreciate that this is difficult, but the form is late."

Kisha jaza pengo kwa neno moja la somo hili:

4. "My daughter looks up ____ her teacher."

Majibu: 1, inashukuru. 2, inaomba: ondoa vitu kwenye korido. 3, inaelewa, lakini fomu imechelewa, kwa hiyo uliza sasa hivi ufanye nini. 4, "to".

Ukipata barua yenye maneno haya na huna uhakika, ilete ofisini tuisome pamoja mpaka mstari wa mwisho, kabla mama hajafunga chakula.