Mafunzo Sita ya Kuvuta Magugu Ziwani

Jumamosi ya kwanza niliteremka mwaloni, upande wa Luchelele hapa Mwanza, nikiwa na panga jipya na uhakika kwamba saa sita mchana tutakuwa tumemaliza. Tulikuwa watu kumi na wanane wa kujitolea. Huu ni mwaka wa tatu na bado tunavuta. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Panga liache nyumbani

Nilifyeka kwa nguvu zote. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu, akanitazama kwa muda kisha akauliza, "Mwanangu, unang'oa au unapanda?"

Sikumwelewa mpaka wiki ya tatu. Gugu maji huzaa kwa mbegu, lakini pia hutoa vitawi vinavyotambaa juu ya maji, na kila kitawi kina mche wake. Ukikikata, mche unaelea kwenda kuanza maisha kwingine. Salvinia, gugu jipya lenye majani madogo ya manyoya, halina hata haja ya mbegu: huenea kwa vipande tu. Siku hizi tunavuta kwa reki na nyavu kuukuu, gugu zima na mizizi yake.

2. Usihesabu kazi kabla ya kubeba rundo

Mwanzoni tulirundika magugu mchangani, tukapiga picha, tukaenda kula sato. Usiku mawimbi yakayarudisha majini. Sasa tunayasomba kwa toroli hadi mbali na maji. Karibu uzito wote wa gugu ni maji, kwa hiyo rundo la kimo cha mtu likipigwa jua hubaki kama kichuguu. Linalobaki tunaozesha kuwa mboji ya bustani.

3. Si kila kijani ni adui

Hili linaniuma. Katika bidii yetu tuling'oa pia mafunjo na matete, tukidhani tunasafisha. Mvua zilipokuja, ukingo ulimeguka na maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Mafunjo ndiyo chujio la ziwa: yanashika matope yanayoshuka kutoka milimani, na katikati ya mashina yake vifaranga vya samaki hujificha dhidi ya sangara. Furu, samaki wadogo wa asili ambao aina zao nyingi zimepotea tangu sangara alipopandikizwa humu miaka ya 1950, nao hupata kimbilio humo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mimi niliivunja nikiwa na glavu za kujitolea. Tulirudi kuomba vipande vya mizizi ya mafunjo kwenye bwawa la jirani, tukavipanda kimoja kimoja. Mwaka wa pili mdiria alianza kutua hapo.

4. Maji yana kichocho

Wageni huingia peku wakicheka. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye magugu. Mabuti marefu kwanza, picha baadaye. Na aliyeingia bila mabuti aende akapime, asisubiri kuona dalili.

5. Mdudu hufanya kazi hata Jumatatu

Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likafika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka ya 1990 Uganda, Kenya na Tanzania zilileta mbawakawa wadogo wenye asili ya kulekule lilikotoka gugu, jamaa wa fukusi wa mahindi, ambao chakula chao ni gugu hilo. Baada ya miaka michache sehemu kubwa ya magugu ilikuwa imetoweka. Tangu nijue hilo, nikiona majani yenye vidonda vidogo vya duara, shamba hilo tunaliacha kwanza. Tukilivuta tunawavua wasaidizi wetu.

6. Tunalilisha sisi wenyewe

Mto Mirongo unakatiza mjini ukibeba maji ya vyoo, sabuni na taka hadi ziwani. Ongeza mbolea na samadi za mashambani. Gugu hunona kwa hayo yote. Mwanzoni mwa 2025 magugu yalikwamisha vivuko vya Kigongo–Busisi, watu wakapiga kelele. Juni mwaka huohuo daraja la hapohapo likafunguliwa, kelele zikapungua. Wavuvi hawana daraja la kupitia.

Mbegu ya gugu maji inaweza kulala kwenye tope zaidi ya miaka 15 kabla ya kuota. Mwanangu yuko darasa la pili. Jumamosi iliyopita alikuja nami kwa mara ya kwanza, akachukua reki ndogo, akaenda moja kwa moja kwenye mafunjo. Yule mzee akamwahi kabla yangu: "Hayo hapana, mjukuu wangu. Hayo ni ya samaki."