Faiba ingali njiani: mkazi asijifunge kwa mkataba mrefu

Katika mitaa mingi ya miji yetu hali ni moja. Mtaro umechimbwa na kufukiwa, kebo imepita, lakini ndani ya nyumba faiba haijaingia. Mkazi akiuliza huambiwa ni hivi karibuni. Wakati huo watoto wana kazi za shule za mtandaoni, mwenye duka la huduma za kompyuta ana wateja wa eCitizen na iTax wanaosubiri foleni, na mawakala wa intaneti isiyotumia waya wanabisha mlango wakiwa na ruta ya bure mkononi. Hapo ndipo wengi huweka sahihi mkataba wa miaka miwili ili kuziba pengo ambalo huenda likadumu miezi michache tu.

Pengo hilo linahitaji kuzibwa, hakuna ubishi. Kinachofaa kupimwa kwanza si kasi ya intaneti bali ni muda ambao mteja anafungwa, na gharama ya kutoka kabla ya muda huo kwisha.

Kebo kupita si nyumba kuunganishwa

Kabla ya kuamua atafungwa kwa miezi mingapi, mkazi anahitaji kukadiria faiba iko umbali gani. Kebo inayoonekana ikifukiwa kando ya barabara kuu mara nyingi ni ya uti wa mgongo. Kazi yake ni kuunganisha mji na mji, au kupeleka mawasiliano kutoka Mombasa, zinakotua kebo za baharini kama TEAMS na SEACOM zilizoanza kazi mwaka 2009, hadi bara. Kebo ya namna hiyo haikatwi popote ili kumpa mtu waya. Mtaa unaweza kupitiwa nayo kwa miaka na usipate muunganisho hata mmoja.

Dalili za karibu ni nyingine. Kebo nyembamba huanza kutandazwa kwenye nguzo za vichochoro, na vijisanduku vidogo hufungwa juu ya nguzo au ukutani mwa majengo. Kijisanduku hicho ndicho kinachogawa faiba kwa nyumba za karibu, na kwa kawaida huwa na nafasi 8 au 16. Zikijaa, jirani wa tisa au wa kumi na saba husubiri hadi kingine kiwekwe, hata kama faiba iko hatua kumi kutoka mlangoni pake. Swali la kumuuliza wakala, basi, si "mmefika mtaa huu?" bali ni "kijisanduku cha jengo hili kiko wapi, na kina nafasi?" Wakala asiyeweza kujibu swali hilo hana tarehe ya kutegemewa.

Kwa wapangaji kuna jambo la ziada, nalo ni mwenye ploti. Kampuni haiwezi kutoboa ukuta wala kupitisha waya ngazini bila idhini yake, na baadhi ya wenye majengo wamekubaliana na kampuni moja tu. Faiba inaweza kufika langoni na kukwama hapo kwa sababu ya barua ambayo haijajibiwa. Wapangaji wakimwendea mwenye nyumba kwa pamoja, wakiwa na orodha ya majina ya wanaotaka huduma, suala hilo huenda mbele haraka kuliko mmoja akienda peke yake. Orodha hiyo hiyo huisaidia kampuni kuona kwamba wateja wapo.

Kaunti ina nafasi gani katika haya? Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, mawasiliano ya simu ni jukumu la serikali ya kitaifa, kwa hiyo kaunti haipangi bei ya intaneti wala haitoi leseni kwa kampuni hizo. Barabara za kaunti ndizo zilizo chini yake, na anayetaka kuzichimba huhitaji kibali. Barabara za kitaifa ziko chini ya mashirika kama KeNHA, KURA na KeRRA. Mkazi anaweza kuuliza katika ofisi ya wadi kama kibali cha kuchimba kimeombwa kwa kichochoro chake. Jibu likiwa "la", hiyo ni habari nzuri ya kujua kabla ya kuamini maneno ya "wiki ijayo". Likiwa "ndiyo", bado kibali si tarehe ya kuunganishwa.

Hesabu ya ruta ya bure

Chukulia mwenye duka la kuchapisha anayelipa Sh3,500 kwa mwezi kwa intaneti isiyotumia waya. Alipewa ruta ya thamani ya Sh10,000 bila malipo, kwa sharti la kubaki miezi 24. Baada ya miezi 6 faiba inafika, na bei yake ni Sh3,000. Amebakiza miezi 18.

Akihama ataokoa Sh500 kila mwezi, jumla Sh9,000 kwa miezi hiyo 18. Mkataba ukisema anayetoka mapema hulipa sehemu iliyobaki ya bei ya ruta, atadaiwa Sh7,500. Anatoka, anabaki na Sh1,500 za faida, na kazi yake inaenda kasi zaidi. Lakini mkataba ukisema hulipa nusu ya miezi iliyobaki, deni ni Sh31,500. Ukisema hulipa yote, ni Sh63,000. Ruta ni ile ile na bei ya mwezi ni ile ile, ila sentensi moja katika ukurasa wa nyuma imegeuza Sh7,500 kuwa Sh63,000.

Njia ya pili ni kuinunua ruta kwa Sh10,000 tangu mwanzo na kulipia mwezi kwa mwezi. Faiba ikija, anaacha kulipa, basi. Kwa haki lazima isemwe kwamba faiba ikichelewa zaidi ya miaka miwili, aliyechukua ruta ya bure atakuwa ameokoa Sh10,000 hizo. Ndiyo maana dalili za vijisanduku na kibali zina uzito: anayeona nguzo za kichochoro zikisimamishwa anunue uhuru wake, anayeishi mahali ambapo hakuna hata mchoro anaweza kuchukua mkataba mrefu bila majuto. Anayenunua aulize kama ruta imefungwa kwa laini ya kampuni moja, maana iliyofungwa haiuziki kwa urahisi.

Satelaiti nayo ina hesabu yake. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya mwaka 2023, na mzigo mkubwa kwa mteja wa kawaida ni kununua kifaa. Mwishoni mwa 2024 iliacha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo jirani kwa sababu mtandao ulikuwa umejaa. Huduma yoyote ya hewani, ya satelaiti au ya mnara, hugawanywa kati ya waliopo. Mteja aijaribu saa mbili usiku, majirani wote wakiwa nyumbani, si saa nne asubuhi wakala anapomwonyesha.

Ya kusoma kabla ya sahihi

Mkataba ukiandikwa "bila kikomo" mara nyingi huwa na kiwango cha matumizi ya haki, ambacho kikipitwa kasi hushushwa hadi mwisho wa mwezi. Kiwango hicho kiulizwe kwa tarakimu. Pia kasi hutajwa kwa megabiti, na faili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8, hivyo kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde hupakua takriban megabaiti 1.25 kwa sekunde. Mteja aulize kama bei ni pamoja na kodi, kama mkataba hujirefusha wenyewe muda ukiisha, na ilani ya kutoka ni ya siku ngapi.

Kuna kipengele kimoja ambacho wateja wachache huomba, hasa wa biashara, nacho kinaweza kukubaliwa: kwamba kampuni hiyo hiyo ikileta faiba katika jengo, mteja atahamishiwa bila faini. Akikubaliwa, kiandikwe. Ahadi ya mdomo ya wakala haimsaidii mtu siku ya mzozo.

Mzozo ukitokea, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma hiyo, na haki ya fidia kwa hasara. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe. Mteja aombe nambari ya kumbukumbu, atunze ujumbe na risiti za M-Pesa, na apige picha za vipimo vya kasi vikiwa na tarehe. Asiporidhika, hupeleka suala hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambako swali la kwanza litakuwa lile la nambari ya kumbukumbu.

Siku faiba inapowashwa

Huduma ya zamani isikatwe siku hiyo hiyo. Wiki mbili za kuwa na zote mbili zinatosha kuona kama faiba imetulia, na kwa anayelipa kabla ya matumizi ni suala la kuacha tu kifurushi cha mwisho kiishe. Anayelipa kwa ankara atoe ilani kwa maandishi, kwa sababu ankara huendelea kuja hata kama ruta imezimwa na kuwekwa kabatini.

Wenye biashara wafikirie kubaki na laini ndogo ya akiba. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Laini ya akiba isingesaidia sana siku hiyo, lakini husaidia siku tingatinga la mwanakandarasi wa barabara linapokata waya wa mtaa, jambo linalotokea mara nyingi zaidi. Ruta ikirudishwa kwa kampuni, mteja achukue karatasi yenye sahihi, tarehe na nambari ya kifaa.