Dondoo muhimu: Pesa ya korosho isiishie kwenye king'amuzi

Nachingwea na Ruangwa pesa huja kwa msimu: ufuta katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Kifurushi cha king'amuzi hakijui msimu. Hata kikiwa cha shilingi 15,000 tu kwa mwezi, kwa mwaka kinameza 180,000, na hapo hujahesabu dishi, umeme wala fundi. Simu janja nayo inadai bando kila wiki na chaji kila siku. Kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, hukaa na chaji siku kadhaa, kina tochi na redio, na kwa *150*00# kinatuma na kupokea M-Pesa bila bando. Kabla ya kununua simu msimu huu, tenga kwanza pesa ya palizi na ya vibarua wa kupulizia salfa.

Wapo wanaosema asiye na WhatsApp ataishia kuuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi. Hoja hiyo ina uzito, ila bei za mnada wa stakabadhi ghalani chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI hutangazwa mbele ya wakulima, na kumpigia katibu wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) hakuhitaji intaneti. Habari zipo redioni; Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na watu hawakuishi gizani. Mwenye mwanafunzi wa sekondari, au biashara inayohitaji picha, anunue simu janja moja ya nyumba nzima na bando liwekewe kikomo. Simba na Yanga zikikutana, kibanda umiza cha kuonyesha mpira kipo, na unalipia mechi hiyo moja tu.