Kufundisha Mvua za Pepo za Msimu: Kwa Nini Hazilingani?

Walimu wengi huwafundisha watoto kwamba Tanzania ina misimu miwili ya mvua, masika na vuli. Mtoto wa Tanga huafiki. Mtoto wa Dodoma, ambaye kwao mvua aghalabu huanza Desemba na kukoma Aprili, hana budi kuchagua: ama ayaamini macho yake, ama amwamini mwalimu. Somo la namna hiyo limemdhulumu.

Kosa hutokana na kudhani kwamba upepo wenyewe ndio mvua. Kaskazi na kusi huchukua mvuke wa bahari, lakini mvuke haugeuki mvua mpaka hewa ipande juu na kupoa. Basi mwalimu aulize: ni nini kinachoipandisha hewa, na wakati gani?

Kwanza, ukanda wa makutano ya pepo. Pepo za kaskazini na za kusini zikutanapo, hewa hupanda. Ukanda huu hulifuata jua. Huipita kaskazini ya nchi mara mbili: ukielekea kusini, Oktoba hadi Desemba, na ukirudi, Machi hadi Mei. Hizo ndizo vuli na masika. Katikati na kusini ya nchi ni karibu na ukomo wa safari yake. Mvua ya kwenda na ya kurudi huungana zikawa msimu mmoja.

Pili, milima. Amani, katika Usambara ya Mashariki, huupokea upepo wa bahari usoni, nayo hupata milimita zipatazo 1900 kwa mwaka. Mji wa Same, ulio nyuma ya milima ya Upare, kwa kawaida haufikishi milimita 600. Upepo ushukapo mlimani hupata joto, na mawingu hutoweka.

Zoezi. Mwalimu achemshe maji katika sufuria, kisha ashike sahani baridi juu ya mvuke. Matone yatadondoka. Awakumbushe wanafunzi kwamba angani hakuna sahani. Ni kule kupanda kunakoipoza hewa. Halafu wachore ramani ya nchi mchangani, walundike mchanga mahali pa milima, na waonyeshe njia ya upepo kwa mishale. Mwisho, wapime mvua ya shuleni kwa kopo na rula muhula mzima, wakiandika kila siku.

Mtoto awezaye kuieleza mvua ya kwao hatababaishwa na mvua ya kwingine.