Tabia ya Kikristo na Sifa Njema kwa Wasioamini: Maswali na Majibu

SEHEMU A: Maana na Tofauti

1. (a) Nini maana ya tabia ya Kikristo? (Alama 2)
Tabia ya Kikristo ni mwenendo wa kudumu unaotokana na imani kwa Kristo na kuonekana katika maneno, matendo na maamuzi ya mwamini. "Mwenendo wa kudumu" ni alama 1. "Unaotokana na imani" ni alama 1. Tendo jema la siku moja si tabia.

(b) Nini maana ya sifa njema? (Alama 2)
Sifa njema ni ushuhuda mzuri ambao watu hutoa juu ya mtu kutokana na mwenendo wake waliouona.

2. Tofautisha tabia njema na sifa njema. (Alama 3)
(i) Tabia njema ni ya mtu mwenyewe. Sifa njema hutolewa na wengine.
(ii) Tabia njema hutangulia; sifa njema hufuata.
(iii) Tabia njema yaweza kukosa sifa pale mwamini anaposingiziwa (1 Petro 3:16). Sifa njema isiyo na tabia ni unafiki (Mathayo 23:27-28).
*Zingatia:* neno "tofautisha" hudai pande zote mbili. Ukiandika upande mmoja, hupati alama.

3. Kwa mujibu wa 1 Timotheo 3:7, kwa nini askofu anatakiwa kuwa na sifa njema kwa watu wa nje? (Alama 3)
Watu wa nje ni wale wasio wa Kanisa (alama 1). Sifa njema kwao humkinga askofu asianguke katika lawama (alama 1) na asinaswe na mtego wa Ibilisi (alama 1).
*Usichanganye* na Matendo 6:3. Hapo wanachaguliwa watu saba wa kuhudumu mezani, na hawatajwi watu wa nje.

4. Taja watu watatu wa Mungu walioshuhudiwa vema na wasioshiriki imani yao. (Alama 3)
(i) Yusufu, kwa Potifa (Mwanzo 39:3-4).
(ii) Danieli, ambaye wakubwa wa ufalme hawakuona kosa katika kazi yake (Danieli 6:4).
(iii) Anania, kwa Wayahudi wa Dameski (Matendo 22:12).
*Mtego:* Kornelio (Matendo 10:22) hafai hapa. Wayahudi walimsifu kabla hajahubiriwa Injili.

SEHEMU B: Matumizi katika Mkoa wa Singida

5. Mkristo ananunua vitunguu kwa lumbesa kutoka kwa mkulima asiyeamini. Jadili kwa kutumia Maandiko. (Alama 5)
Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kipimo na kuongezewa kilemba juu, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja (alama 1). Sheria ya vipimo inaikataza (alama 1). Maandiko yanakataza kipimo cha udanganyifu: Walawi 19:35-36 na Mithali 11:1 (alama 1). Mkulima aliyepunjwa humlaumu mnunuzi, kisha hulitukana jina la Mungu wake: Warumi 2:24 (alama 1). Mkristo anunue kwa mizani na kulipa kila kilo (alama 1).
*Zingatia:* "kila mtu anafanya hivyo" si hoja.

6. Mwenyeji Mkristo anawaalika majirani Waislamu kwenye sherehe na kumwomba Mwislamu amchinjie kuku. Je, ameikana imani? (Alama 4)
Hapana (alama 1). Amejizuia kuchinja mwenyewe kwa upendo ili asiwakwaze majirani zake: 1 Wakorintho 10:32-33 (alama 1). Kujizuia kwa upendo ni kuacha haki yako kwa faida ya jirani (alama 1). Kuikana imani ni kumkataa Kristo kwa neno au kwa ibada (alama 1).

7. Onesha jinsi hospitali za Kanisa zinavyojenga sifa njema mkoani Singida. (Alama 4)
Taja mbili: Makiungu, iliyoanzishwa na masista wa Medical Missionaries of Mary mwaka 1954, Mtakatifu Gaspar ya Itigi, au Iambi ya KKKT Dayosisi ya Kati (alama 2). Hutibu wagonjwa wa dini zote (alama 1). Hata hivyo, sifa ya taasisi hutegemea tabia ya mhudumu: muuguzi mwenye matusi huibomoa (alama 1).

SEHEMU C: Insha

8. "Mkristo hatafuti sifa, bali huishi kwa namna inayostahili sifa." Jadili. (Alama 10)
*Utangulizi (2):* fafanua tabia njema na sifa njema.
*Kiini (6):* Mathayo 6:1 inakataza kutenda mema ili kutazamwa. Mathayo 5:16 inaagiza matendo mema yaonekane. Hazipingani, tofauti ni lengo. Katika 6:1 utukufu unatafutwa na mtendaji. Katika 5:16 utukufu unamwendea Baba. Ongeza 1 Petro 2:12: wasioamini huona kwanza, kisha humtukuza Mungu. Funga kwa Luka 6:26: kusifiwa na watu wote ni jambo la kuogopwa.
*Hitimisho (2):* toa msimamo. Tabia njema ni wajibu. Sifa njema ni matokeo.

Onyo la mwisho: Mtahini hatoi alama kwa mahubiri. Toa maana, andiko na mfano.