JINSI YA KUFINYANGA UWANJA WA VITA

Ukituona sisi wa Chama cha Kiswahili tumebeba ndoo ya uji wa unga wa ngano, usidhani twaenda kula. Ile ni gundi. Siku ya maonyesho tulitaka kusimulia habari za Waturkana na Wamatheniko wa Uganda kwa majeshi ya udongo, na jeshi lisilo na ardhi ni vinyago tu.

Ubao wetu ulikuwa na upana wa mita moja. Tulitumia kipimo cha ramani za jiografia, 1:50,000, yaani sentimita moja ni nusu kilomita. Lo! Mlima wa mita 1,000 ukawa sentimita 2, kama chapati. Dawa yake ni kuzidisha kimo mara tatu na kuacha upana ulivyo. Watu hawafuati kipimo kabisa. Kwa haki mtu angekuwa mdogo kuliko punje ya mchanga. Wetu walikuwa na urefu wa kidole gumba, na hakuna aliyelalamika.

Kata katoni kwa kufuata kontua, panga tabaka juu ya tabaka, kisha funika kwa vipande vya gazeti vilivyochovywa katika uji. Kwa jua la Namoruputh siku moja yatosha kukauka, ila weka mbali na mbuzi. Milima yetu ya kwanza ya Loima ililiwa yote! Halafu paka gundi, nyunyiza mchanga wa laga, na uchomeke vitawi vya mgunga viwe miti.

Sasa kanuni. H. G. Wells wa Uingereza alitoa kitabu cha vita vya askari wa kuchezea mwaka 1913. Sisi tulitunga zetu. Kila zamu jeshi latembea shibiri moja, na kila zamu ya tatu mbuzi lazima wanywe maji. Tulikuwa tumechora visima viwili tu.

Mimi niliongoza Waturkana. Jirani yangu wa dawati, ambaye mamake alizaliwa upande wa Moroto, aliongoza Wamatheniko. Tulicheza mara tano, na kila mara tulikutana kwa kisima kilekile, hata tukipita njia gani. Mara ya tano nikamnyang'anya mbuzi wote, nikashangilia sana. Yeye akakusanya watu wake ndani ya leso. "Mjomba wangu alikufa hivyo hivyo," akasema. Nikakosa la kujibu. Kwetu pia yuko aliyekufa hivyo.

Kesho yake tulirudi kwa ubao. Pale Lokiriama, ambapo mnamo Desemba 1973 wazee wa pande zote mbili walizika silaha na kupatana, tulichimba shimo la upana wa kidole. Mikuki yetu ilikuwa miiba ya mgunga. Tukaivunja yote, yangu na yake, tukaitia humo. Yeye ndiye aliyeliziba kwa uji. Wale watu wa udongo bado wako darasani, mikono yao ina matundu matupu, na kisima kile tumekiongeza upana.